Fingo la Betri Chini ya Mita

"Ndiye huyu! Nimemsikia na masikio yangu akifundisha vile fingo hili linatengenezwa!"

Kidole cha Gedion kilikuwa kimenyooka, na aliyenyooshewa alikuwa Mbodze. Rafiki yangu. Rafiki yetu sote. Rafiki yake yeye mwenyewe Gedion!

Ua ulikuwa umejaa watu. Wengine niliwajua, wengine sijui walitoka wapi. Mmoja wao alikuwa ameshika dumu la petroli, na kifuniko alikuwa ameshakifungua. Ile harufu naisikia mpaka leo.

"Gedion..." nilimwita.

Hakunitazama.

"Basi sema," Mbodze alimwambia, wala hakupaza sauti. "Hayo niliyafundisha wapi? Waambie watu. Wapi?"

Gedion akaivua kofia yake ya kazi, kidole bado kimenyooka...

Jamani, nimechoka hata kabla sijaanza. Habari hii nimekaa nayo tangu mwaka wa tisini na nane na sikuwa na mpango wa kuiandika. Ila juzi mpwa wangu alinionyesha kundi moja humu mtandaoni, watu wanaopenda hadithi za majini wa mjini. Wanabishana mpaka matusi! Eti jini akiingia kwenye simu, chaji ikiisha anakufa ama analala? Eti mtu akirogwa kwa video, uchawi unashika ama mpaka mchawi awe karibu?

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Kwa sababu sisi tulibishana mambo hayo hayo pale Ukunda wengi wenu hamjazaliwa, na nusura mtu achomwe moto.

Kaeni niwaambie. Sina nguvu za kuwazungusha.

Mimi naitwa Rael. Kwetu ni bara, Kisii, lakini mwaka huo nilikuwa dobi katika hoteli moja ya Diani. Dobi jina tu! Wageni walikuwa wameadimika tangu zile vurugu za mwaka uliotangulia, watu wa bara tulipofukuzwa na nyumba zikachomwa. Mashuka ya kufua hayakuwapo. Tulifanya kazi nusu mwezi, nusu nyingine tunakaa tunatazamana.

Sisi wa bara tuliorudi, tulirudi kwa kunyata. Ukicheka unacheka kidogo. Ukinunua sukari unanunua ya leo, maana kesho hujui utaamkia wapi.

Nilipanga chumba kwa Mzee Mwero, Mdigo mwenye nyumba, mtu wa heshima zake. Ua mmoja, vyumba vimezunguka, na mita moja ya stima ukutani.

Chumba kilichopakana na changu alikaa Gedion na mkewe Everline. Gedion naye ni mtu wa bara, askari wa geti pale pale hotelini kwetu. Siku za Jumapili ni mzee wa kanisa, tai shingoni.

Chumba cha pembeni alikaa Mbodze, dada opereta wa simu za hoteli, mzaliwa wa Mkongani, pwani hapa hapa. Sauti ya Mbodze, jamani! Mgeni angepiga simu kulalamika maji hayatoki, akishaongea naye anasahau kama alikuwa na shida.

Kilichotukutanisha sisi watatu ni kaseti.

Kulikuwa na hadithi ikitoka Mombasa kwa kaseti, sehemu baada ya sehemu. Msimulizi hata jina hatukumjua. Ikifika Ukunda, Jacktone fundi redio anaipata, na sisi tunakwenda kusikiliza kibandani kwake.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kuna jini anaishi ndani ya transfoma. Anasafiri kwenye nyaya na anaingia majumbani kwa simu. Na kuna msichana, Mwanarusi, kazi yake kuunganisha simu za watu. Yeye peke yake ndiye anayemsikia huyo jini akipumua katikati ya mazungumzo.

Nywele zilitusimama!

Basi kila Jumapili alasiri, Gedion akishatoka kanisani, tulikutana wanne: mimi, Mbodze, Gedion na Jacktone. Tunasikiliza sehemu moja, halafu tunabishana mpaka adhana ya magharibi. Kusema kweli kaseti ilikuwa kisingizio. Tulichofuata ni ule ubishi. Pale kibandani hakuna aliyeuliza wewe ni wa bara ama wa pwani. Waliuliza tu kama una hoja.

"Hii stori iko na makosa," Jacktone alianza hivyo kila wiki. "Mtu hawezi ingia kwa transfoma. Atakaangwa! Jini ama si jini, stima haijui hayo."

"Wewe ndio huelewi," Gedion alimjibu. "Uchawi ukiwa na nguvu hauhitaji waya. Kama anahitaji waya, huyo si jini. Huyo ni fundi wa stima tu!"

Tukavunjika mbavu.

Mbodze alikuwa akimenya chungwa. Hakuwa mtu wa kuharakisha maneno.

"Nyote mwapotea," alisema. "Jini ni mgeni. Na mgeni hupiga hodi. Hodi yake ni hiyo simu inayolia. Ukiinua ukasema halo, umeshamkaribisha ndani. Huna la kulalamika tena."

Hata Jacktone aliacha kubisha. Hiyo ilikuwa hoja!

"Sasa Mwanarusi atamzuiaje?" niliuliza. "Na kazi yake ni kusema halo kutwa nzima?"

Hapo ndipo kilipozaliwa kile kilichotaka kutumaliza.

"Wazee wetu walizika fingo," Mbodze alisema. "Dawa ya kinga, ndani ya chungu, hapo mlangoni, ili shari isipite. Lakini jini huyu hapiti mlangoni. Mlango wake ni mita. Basi fingo lizikwe chini ya mita."

"Na ndani kuwe na nini?" Gedion aliuliza.

"Betri!" nikadakia mimi. "Betri ni stima isiyo na waya. Akiingia hapo hapati njia ya kutokea."

Jacktone alipiga paja. "Hiyo sasa ndio akili!"

"Na utepe wa kaseti," Mbodze akaongeza, "uizungushe hiyo betri mara saba. Majini hupenda hadithi. Atakaa kusikiliza mpaka asahau alikokuwa akienda. Tia na chumvi kidogo."

"Betri ikae kichwa juu ama kichwa chini?" Gedion tena.

"Juu, bwana. Ukiiweka kichwa chini, jini atashuka ardhini atokee kwa jirani."

"Kichwa juu," Gedion alirudia.

"Juu."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akaja kuuliza kulikoni. Gedion pia alicheka, ila alicheka wa mwisho.

Tafadhali shikeni hilo. Kanuni ile haikutoka kwa mganga, wala kwenye kaseti haimo. Tuliitunga sisi wenyewe kwa ubishi, chungwa mkononi.

Mwezi uliofuata Dzombo akaanguka kitandani. Dzombo ni mtoto wa Mzee Mwero, kijana wa kubeba gunia begani bila kuhema. Sasa alikuwa anatetemeka, anaweweseka, anamwita marehemu mamake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya ule ukuta wa mita.

Watu wakaanza kunong'ona. Mnatujua tulivyo, mtu hakuulizi mgonjwa amepimwa damu, anakuuliza amekosana na nani.

Basi siku moja baada ya chakula cha mchana mafundi walikuja kuchimba mtaro wa bomba la maji, kando ya ukuta huo huo. Mimi nilikuwa naanika nguo.

Kra!

Jembe lilikuwa limegonga chungu. Chungu kikapasuka, vitu vikamwagika. Chumvi. Betri kubwa ya redio. Na utepe wa kaseti umezungushwa kwenye hiyo betri, unang'aa kama mgongo wa mende.

Fundi alitupa jembe akaruka nyuma.

"Mzee! Mzee Mwero! Njoo uone mambo!"

Shati nililokuwa nalo mkononi lilianguka kwenye matope. Wengine waliona uchawi. Mimi niliona ile Jumapili! Betri ile ilikuwa wazo langu, jamani. Langu mimi!

Habari mbaya haina miguu lakini hufika. Nikigeuka hivi, ua umejaa. Nikigeuka tena, dumu limefika.

Na kila mtu pale alijua jambo moja, kwamba babu yake Mbodze alikuwa mganga kule Mkongani. Mzee huyo alifariki Mbodze akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, hakumwachia hata jani la dawa. Lakini watu wakishataka mchawi, babu anatosha.

Hapo ndipo Gedion alipoingia getini, ametoka kazini, sare bado mwilini. Aliona vigae. Aliona watu. Akasimama kama aliyepigwa kofi.

Halafu akanyoosha kidole.

"Wapi?" Mbodze alimwuliza tena. "Niliyafundisha wapi?"

"Kwa... kwa Jacktone," Gedion alisema. "Alisema liwekwe chini ya mita. Alisema chumvi. Alisema kaseti. Kila kitu alisema yeye!"

Na uchungu wake ni huu, wasomaji wangu: hakudanganya. Kila neno lilikuwa kweli!

"Umesikia?" mwenye dumu akafoka. "Na ushahidi huo! Mtoeni hapo!"

"Ni hadithi!" nilipiga kelele. "Ile ni hadithi tu! Tulikuwa tunabishana!"

"We mama wa bara, nyamaza. Haya si yenu."

Wa bara...

Nilikumbuka mwaka uliopita, begi moja mkononi, kandambili zimekatika, nakimbia sijui naelekea wapi. Nilirudi nyuma, mkono nikaweka kwenye kitasa cha mlango wangu. Ningeingia. Wallahi ningeingia na kufunga.

Mbodze akanitazama. Hakuniomba kitu. Alinitazama tu, kama mtu aliyejua tangu zamani kwamba mwisho wake angebaki peke yake.

Nikauacha mlango.

"Hata mimi nilifundisha!" nikasema. "Betri nilisema mimi, si yeye! Mkimchoma huyo nichomeni na mimi!"

Mzee Mwero aliinua mkono. Alikuwa ametokea mlangoni kwa Dzombo, macho mekundu, hajalala siku kadhaa.

"Ngojani. Huyu asemaje?"

"Shikamoo, Mzee," nikasema.

"Marahaba," akaitikia.

Hebu fikirini! Petroli iko wazi, mtu anataka kufa, na sisi tunaamkiana. Lakini salamu ile ndiyo iliyonipa pumzi. Nikamweleza yote. Jini wa transfoma, Mwanarusi na simu zake, na ule ubishi wa Jumapili.

"Uongo mtupu!" mtu akasema nyuma.

"Si uongo!"

Alikuwa Jacktone. Habari ilikuwa imemfikia barabarani, akaja mbio, redio kaseti begani. Hakuuliza swali. Aliiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabonyeza.

Sauti ya msimulizi ikajaa uani. Ilikuwa ile sehemu Mwanarusi anaunganisha simu ya bibi harusi, halafu anasikia pumzi ya tatu...

Watu walitulia. Wengine wakakaa chini. Mama mmoja akamnyamazisha mtoto ili asikie vizuri!

Jacktone alipoizima, wakalalamika.

"Sasa kwa nini huyo msichana asiache kazi?" mmoja akauliza.

"Kazi ziko wapi?" mwingine akamjibu.

"Angekata waya!"

"Waya umkatie jini? Wewe una wazimu?"

"Si wamesema jini anategemea huo waya? Husikilizi!"

Hata mwenye dumu akaingia. "Mimi naona hapo msimulizi amekosea," alisema, dumu ameshalifunga, ameliegemeza kwenye paja. "Jini wa stima hawezi kupenda mvua, na pale mwanzo mvua ilikuwa inanyesha."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Dakika chache nyuma walitaka kuua. Sasa wamekuwa kama sisi!

Gedion peke yake hakuingia kwenye ubishi. Alikuwa ameegemea nguzo, kofia ameikunja mikononi.

Lakini Mzee Mwero hakuwa mtoto.

"Hadithi nimeisikia," alisema. "Ni nzuri. Lakini chungu hiki si hadithi. Nimekiona. Hakikujizika. Hiyo kanuni yenu waijua watu wangapi?"

"Sisi wanne tu," nikajibu.

Neno likishatoka ndipo nilipoelewa nimesema nini. Aliyezika alikuwa mmoja wetu. Na kati ya wanne, mjukuu wa mganga ni mmoja tu.

Watu wakasimama tena. Kifuniko cha dumu kikafunguliwa tena.

Mbodze akasogea kwenye vigae, akachuchumaa.

"Asiguse!" wakapiga kelele.

"Sigusi chochote," alisema. Aliangalia kwa muda. Halafu akatikisa kichwa, kama mwalimu aliyeona hesabu mbovu.

"Jacktone," aliita kwa ile sauti yake ya simu, "hebu njoo uone uzembe huu. Betri imewekwa kichwa chini."

"Kichwa chini?" Jacktone alishangaa. "Haki ya Mungu?"

"Kichwa chini. Na tulisema juu. Tulirudia tena na tena. Huyu hakuwa akisikiliza."

Akainuka, akajipangusa magoti.

"Basi huyu hakulinda mlango wake," alisema. "Jini amempeleka ardhini, akatokea kwa jirani. Amempeleka kwa Dzombo."

Ua mzima uligeuka kutazama mlango wa Dzombo. Tukamsikia akikohoa humo ndani.

"Hapana!"

Sauti ilitoka kwenye nguzo.

"Hapana, si kweli! Mimi niliiweka kichwa juu! Niliangalia kabla sijafukia, nikaangalia tena! Kichwa kilikuwa juu! Ni jembe ndio limeipindua!"

Vichwa vyote vikamgeukia.

Gedion mwenyewe alibaki mdomo wazi, anatutazama mmoja mmoja. Nadhani alikuwa anasubiri tumwambie ni kweli, jembe ndilo lililoipindua.

"Wewe?" Jacktone alisema. "Mzee wa kanisa?"

Gedion alikaa chini pale pale kwenye udongo wa mtaro.

"Everline ana mimba," alisema.

Hatukujua. Tulikuwa tunaishi ukuta kwa ukuta, na hatukujua.

"Wawili wametutoka. Wa pili ilikuwa mwaka jana, njiani, tukikimbia. Nimeomba. Nimefunga. Nikifumba macho naona damu tu. Nikasema hii ni hadithi, najua ni hadithi... lakini itanigharimu nini? Ni betri moja tu."

"Sasa mbona ukamsingizia mwenzako?" Mzee Mwero alimwuliza.

Gedion alijipangusa uso kwa kofia.

"Mzee, mimi mtu wa bara. Nipatikane nimezika fingo kwa ua wa mwenyeji, na mtoto wake ni mgonjwa? Baada ya mwaka jana? Mngeniua. Nikasema huyu ni wa hapa... huyu mtamsamehe."

"Kwa dumu hilo?" Mbodze aliuliza.



Mwenye dumu ndiye aliyemjibu. Alianza kumwendea Gedion. Na nyuma yake wengine nao wakaanza kujisogeza.

Mlango wa chumba cha Gedion ukafunguka. Everline akatoka, miguu mitupu, amelishika tumbo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amesikia kila kitu. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa udongoni kando ya mumewe.

Mbodze ndiye aliyesimama mbele yao. Ndiye, jamani! Aliyekuwa achomwe.

"Mtampiga, halafu?" alisema. "Kaweka kinga, hakumroga mtu. Mjinga ni mjinga tu. Tokeni."

Mzee Mwero alimfuata yule kijana, akamchukulia dumu mkononi kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Mwaka jana nilizima moto ua huu kwa maji ya kuoshea vyombo," alisema. "Walionisaidia kuchota walikuwa wapangaji wa bara, kisha wakakimbia. Nimechoka, wanangu. Nimechoka kuzika na nimechoka kuzima. Na mwanangu yuafa humo ndani, nanyi mwabishana juu ya kaseti! Nani ana gari?"

Muuza nazi jirani alikuwa na pikapu yake, imekaa siku nyingi haina mafuta. Basi ile petroli ya kumchomea Mbodze ikamiminwa kwenye tangi la pikapu. Aliyeimimina ni yule yule kijana wa dumu. Wakampakia Dzombo wakampeleka hospitali Msambweni.

Ilikuwa malaria. Imempanda kichwani. Daktari aliwaambia wangechelewa kidogo tu tungekuwa matangani.

Jioni ile nilimkuta Mbodze amekaa kizingitini kwake. Chai nimemletea, hakuinywa.

"Da Mbodze," nilimwuliza, "kweli ile betri ilikuwa kichwa chini?"

Alinitazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Betri ilikuwa imelala ubavu, Rael. Chungu kimepasuka, vitu vimemwagika. Kichwa juu, kichwa chini, nani angejua?"

"Sasa..."

"Nilijua ni mmoja wetu. Nawe wawajua watu wetu. Dhambi wataificha mpaka kaburini. Lakini uwaambie wamekosea kanuni? Hawawezi kunyamaza. Wallahi hawawezi."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na hayakuwa machozi ya kicheko peke yake. Yeye hakucheka.

Tukiwa hapo, Everline akaja. Alisimama mbali kidogo, khanga ameivuta mpaka kidevuni.

"Hodi, Da Mbodze."

"Karibu."

"Sijui niseme nini juu ya Gedion..."

"Usiseme."

"Kile chungu kimevunjika." Alikaribia hatua moja. "Tangu kipasuke najisikia vibaya tumboni. Najua ni hadithi, Da Mbodze. Lakini nilikuwa nimeanza kulala. Nisaidie."

Nilitamani kumtoa pale kwa mkono. Mumewe ametaka kumwua mtu mchana, na yeye jioni anakuja kuomba dawa kwa mtu huyo huyo!

"Everline, mimi ni opereta wa simu," Mbodze alisema.

"Najua. Lakini kanuni ni zenu."

Mbodze alitazama ule mtaro, akatazama tumbo la Everline. Mwisho akashusha pumzi.

"Basi sikiza," alisema. "Kanuni yasema hivi. Fingo likishaonwa na macho ya watu wengi, kazi yake imekwisha. Halizikwi tena. Kila jicho lililoliona limekuwa mlinzi. Na leo ua mzima umeona, mpaka waliokuja na dumu. Walinzi ulio nao hata rais hana. Nenda kalale."

Everline alilia, akamshika mikono, akaenda.

Mimi nilikuwa shabiki wa hadithi ile kuliko mtu yeyote. Nilizijua kanuni zetu zote, na hiyo sikuwahi kuisikia! Aliitunga pale pale, amechoka, chai imepoa mkononi, kwa ajili ya mke wa mtu aliyemnyooshea kidole.

Mtoto alizaliwa salama. Msichana, mzito, wa kupiga kelele. Nilidhani watamwita Mbodze. Wakamwita Ashley.

Wakati huo Mbodze alikuwa ameshahama. Alipata chumba Msambweni na kazi nyingine huko. Nilimsindikiza na godoro lake. Mzee Mwero alimwomba abaki, akamwambia kodi asilipe, akakataa kwa adabu.

"Gedion nimemsamehe," aliniambia. "Ila nikilala nasikia kifuniko cha dumu kikifunguliwa. Siwezi kulala tena kwenye ua ule."

Baraza letu la Jumapili likafa hivyo. Kaseti ya mwisho ilipofika, Jacktone alituma mtu aniite nikasikilize. Sikwenda. Mpaka leo sijui Mwanarusi alimshinda vipi yule jini, na nikiri sitaki kujua.

Sasa nyinyi wa makundi ya mtandaoni, siwakatazi. Bishaneni! Mtieni jini kwenye simu, kwenye intaneti, kwenye friji mkitaka. Raha yake naijua, hakuna ubishi mtamu kama huo.

Ila mkimwona mmoja wenu anauliza sana betri ielekezwe wapi, na anarudia jibu polepole ili asilisahau, msicheke mkapita. Muulizeni nyumbani kwake kukoje.

Sisi Gedion hatukumwuliza. Tulimjibu tu kichwa juu, tukaendelea kula chungwa.